Kitabu Alichokunywa Baba Mkwe

Shule niliionja tu. Mapadri walitaka nibatizwe, nikakataa, wakanifukuza nikiwa nimekwisha kushika kusoma. Mengine yote nimejipatia kwa mikono hii.

Wakati wa Wabelgiji, pale Kasongo, walifungua chumba cha vitabu kwa ajili yetu watu weusi. Mlangoni karani alibandika karatasi: Vitabu Vinavyofaa. Cha historia kilisema nchi yetu ilianza siku Mzungu alipofika. Sisi tuliompokea sijui tulikuwa tumekaa wapi. Cha bustani kilitufundisha kabichi, sisi tunaolisha mji mzima kwa mpunga na mihogo. Kingine kilifundisha ufundi wa kusuka vikapu, na kikapu chenyewe kwenye picha kilikuwa na tundu. Nilichukua cha bustani, na cha afya pia, kwa sababu nilikuwa natafuta mke.

Binti niliyemtaka alikuwa wa Kabambare. Baba yake tumbo lilikuwa linamwendesha muda wote, na maji yake ya kunywa aliyateka kijitoni, pale pale watu walipooga.

Akaniambia: "Kijana, wanasema wewe ni mutu wa vitabu. Uniponyeshe tumbo, binti iko wako. Ukishindwa, urudi Kasongo na kabichi zako."

Nikafungua ukurasa wa tumbo, nikaanza: "Maji ya kunywa yachemshwe..."

Mzee akainua mkono. "Unanisomea ya nini? Mimi iko mugonjwa, hapana kiziwi."

Kwetu dawa ya kitabu ni kombe. Mwalimu anaandika aya ya Kurani kwenye sahani kwa zafarani, anaiosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Basi mzee akauchana ukurasa, akautumbukiza kwenye bakuli la maji. Tukangoja. Wino haukutoka hata tone.

"Ona! Muzungu ni muchoyo mupaka kwa wino. Anakuonyesha dawa, halafu anaikatalia."

Mkewe akacheka kutoka jikoni. "Uitie moto, baba. Itasema yenyewe."

Wakauchemsha. Mzee akanywa, uso umekunjamana. Tangu siku ile kila asubuhi ukurasa ulipanda motoni ndani ya chungu kikubwa, na maji mengine yote aliyakataa, yasije yakamharibia dawa. Tumbo likanyamaza.

Mimi nilijua kilichomponya. Lakini nilikuwa nataka mke, sikutaka ubishi.

Siku ya kunikabidhi binti, mzee alisimama mbele ya wageni, akasema kwa sauti: "Mukwe wangu huyu, hakuna mutu wa vitabu kama yeye!" Kisha akaniinamia sikioni: "Ukurasa umelegea, umekuwa ugali. Uniletee mwingine."

Nikampelekea wa kabichi. Nao ulimfaa vilevile.