Jalada la Mtumishi Asiyefahamika

Napenda jambo hili liandikwe kama lilivyotokea, kwa sababu mke wangu amekwisha kulisimulia mara nyingi hapa Kipawa, na kila anapolisimulia mimi huzidi kuonekana mjinga.

Binti yetu ni muuguzi. Alikuwa akifanya kazi ughaibuni, katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa viza iliyodhaminiwa na mwajiri wake. Alikuja likizo ndefu, na asubuhi ya kurudi tulimsindikiza uwanja wa ndege, tukaagana, tukarejea nyumbani, maana si mbali. Sikuwa nimemaliza kuvua viatu nilipomwona anaingia getini na masanduku yake.

"Umesahau nini?" mama yake akamuuliza.

"Sijasahau kitu. Wamenizuia kupanda. Wanasema viza yangu imefutwa."

"Imefutwa na nani?" nikauliza.

"Baba, mie nitajuaje? Kompyuta yao imekataa."

Nilighadhibika. Katika miaka yote niliyoongoza masjala ya ofisi ya umma, sikupata kuona uamuzi usio na barua. Nikamwagiza aidai. Majibu yalikuja kwa barua pepe: nyumba ile ya wazee ilikuwa imeuzwa yeye akiwa huku likizoni, na mdhamini wa awali hakuwapo tena. Binti yetu alikuwa ameandikiwa barua akitakiwa kuthibitisha, ndani ya muda uliowekwa, kwamba anamkubali mdhamini mpya. Hakujibu, viza ikafutwa. Aliruhusiwa kukata rufaa. Mwajiri mpya, ambaye kumbe alimhitaji sana, aliahidi kumtunzia nafasi yake hadi mwisho wa mwezi, si zaidi ya hapo.

"Sasa hiyo barua waliituma wapi?" binti akashangaa, akaifungua fomu yake ya zamani kwenye simu. "Sanduku la posta la ofisini kwako, Baba."

Mke wangu akanigeukia taratibu. Anwani hiyo niliitoa mimi. Mtaani kwetu ni wachache wenye sanduku la posta la kwao. Watu hutumia la kanisa, la shule, la kazini. Nami nilikuwa nimemwambia binti, kwa fahari isiyo na sababu, kwamba nyumba huhamwa lakini sanduku la serikali halihami. Sikufikiri kwamba mimi ndiye nitakayehama, kwa kustaafu.

"Mzee wa masjala," mke wangu akasema, "mtoto umemfungia kwenye sanduku."

Kesho yake nikaenda Kurasini, kwenye ofisi yangu ya zamani. Masjala ile sasa inaongozwa na mama mmoja niliyempokea akiwa karani mgeni kabisa. Alinipa shikamoo, akanisikiliza, akafungua rejista ya barua zinazoingia na kushusha kidole ukurasa kwa ukurasa.

"Ipo, mzee."

"Iko wapi?"

"Jaladani."

Hawakuitupa wala kuirudisha posta. Waliigonga muhuri wa kupokelewa, wakaifungulia jalada kwa jina la binti yangu, kisha wakalizungusha. Nikasomewa madokezo. Ofisa utumishi alikuwa ameandika: "Simfahamu mtumishi huyu. Uhasibu, mnamfahamu?" Uhasibu wakajibu: "Hayumo katika orodha yetu. Mwanasheria ashauri." Mwanasheria akahitimisha: "Suala hili ni la nchi nyingine. Barua ihifadhiwe."

"Na jina la ukoo hukuliona?" nikafoka.

"Nililiona. Lakini ukoo wenu, mzee, mmejaa jiji zima."

"Nani aliwafundisha kufungulia jalada kila karatasi inayopita?"

"Si wewe?"

Ndipo nikautazama ule muhuri, na hasira ikaniishia. Barua ile ilikuwa imefika siku tisa baada ya viza kufutwa. Binti yangu aliadhibiwa kwa kutojibu barua ambayo ilikuwa bado njiani.

"Nitolee nakala," nikasema, nikinyoosha mkono.

Akalifunga jalada. "Mzee, utaratibu unaujua. Nyaraka hazitoki bila maombi ya maandishi."

"Utaratibu huo niliuandika mimi!"

"Ndiyo maana tunauheshimu."

Nikaandika maombi nikiwa nimesimama kaunta. Akayagonga muhuri, akayaingiza katika jalada lilelile, akanionyesha benchi la wageni. Kwa kweli nilikerwa, lakini pale benchini nilijikuta nikitabasamu peke yangu. Alasiri nilikabidhiwa nakala zilizothibitishwa za barua, za muhuri na za ukurasa wote wa madokezo.

Tuliiandika rufaa juu ya meza ya chakula. Binti alitaka kuanza kwa kuomba huruma. Nikamkatalia, kwa kuwa mtu aliyeshika tarehe mkononi hana haja ya kuombaomba. Nikasisitiza pia tutamke wazi kwamba ofisi ile niliwahi kuitumikia, ili asije mtu akadhani muhuri ule ni wa kupika. Yeye naye akafuta aya zangu nne zilizoeleza maana ya masjala katika utumishi wa umma.

"Hizo ziache," nikamwambia.

"Mzee," mama yake akadakia kutoka jikoni, "mwenzio anaomba viza. Wewe unaomba kurudishwa kazini?"

Aya zikafutwa. Tukaambatisha barua ya mwajiri mpya, tukatuma, tukakaa kusubiri. Zilibaki siku sita mwezi uishe, kisha tano. Asubuhi zilipobaki siku nne, binti alikuwa uani akichambua mchicha, simu yake ikalia. Akasoma kimya, majani yakamwanguka mapajani.

"Imekubaliwa!"

Mama yake alipiga vigelegele, na jirani ng'ambo ya ukuta akaitikia kwa vyake bila kujua tunashangilia nini. Mimi nikataka kusikia sababu. Binti akasoma: muhuri wa kupokelewa unakubaliwa kuwa uthibitisho kwamba mwombaji hakuwa amefikiwa na barua kabla viza haijafutwa, na madokezo ya maofisa watatu wasiomfahamu yanaondoa shaka ya udanganyifu.

"Rudia hapo kwenye muhuri," nikasema.

"Baba, nina siku nne tu! Hata tiketi sijabadilisha!"

"Rudia. Taratibu."

Akarudia, huku akicheka, amesimama na mchicha miguuni, na mama yake alikuwa amekwisha kuingia ndani kumpigia pasi sare za kazi.