Besi Iliyoning'inia Juu ya Moshi

Gitaa langu la besi lina umri mkubwa kuliko yule kiongozi wa bendi aliyesema likazikwe. Hilo lijulikane kwanza.

Nilishuka mjini Morogoro kutoka milimani nikiwa na darasa la nne na magaga miguuni. Nikaingia bendi ya dansi, nikawa mwimbaji. Siku moja mpiga besi wetu akaugua, nami nikaambiwa nimshikie gitaa wiki moja tu. Hakurudi. Watu wakasema mwanamke huyu ameshika gitaa kama ananyonga kuku. Basi kuku huyo nilimnyonga miaka kumi na saba, na katikati yake nikazaa watoto wanne. Sikio langu la kushoto lilifia kazini, pembeni ya spika. Bendi ilipovunjika kila mtu aliondoka na chake, na changu kilikuwa gitaa.

Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama. Nikaona na gitaa lifuate njia hiyohiyo. Nimempa mjukuu wangu, binti wa binti yangu, anayepiga katika bendi ya harusi. Msichana ana vidole virefu na kichwa kigumu. Vidole ni vya marehemu babu yake.

Mwaka jana masika ilipokwisha alikwenda Turiani kumuuguza mama yake, akaniachia gitaa hapa Bigwa. Alikaa huko miezi miwili. Mama yake akapona, yeye akarudi, akalichukua gitaa kwenda nalo mazoezini. Siku hiyohiyo likaanza. Kila alipopiga nyuzi, nyuma ya sauti kulikuwa na kitu kinachovuma, zzzz, kama nzi aliyefungiwa ndani ya kopo.

Kiongozi wa bendi akaja mwenyewe nyumbani siku ya Jumatano. Ni Mnyamwezi, mtani wangu, hivyo mdomo wake hauna mlango.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona hivyo, kafa nani?"

"Gitaa lako. Mimi mtani wenu nitachimba kaburi, nyie lieni tu."

"Chimba refu, uingie wewe kwanza."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema Jumamosi wana harusi Mafiga na hawezi kupeleka nzi harusini. Ameshapata kijana mwenye gitaa jipya. Ijumaa alasiri atapita, na kama gitaa halijanyamaza, kijana atapanda jukwaani. Sote tulijua kwamba mtu akishapanda hivyo hashuki tena. Mjukuu wangu angerudi kuitikia nyuma ya waimbaji, alikotoka.

"Tena bibi," akasema akiwa mlangoni, "nasikia siku hizi husikii. Nzi huyo utamkamataje?"

"Nasikia ninachotaka. Wewe, kwa mfano, sijakusikia."

Akaenda zake. Mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, hacheki.

"Bibi, labda kweli limekufa."

"Inuka, mke mwenzangu. Kilichokufa hakipigi kelele."

Kwanza nilimwambia apige bila kuunganisha spika. Nzi akalia vilevile. Basi spika haina kosa, ugonjwa umo ndani ya gitaa. Nikamwambia apande uzi mmoja baada ya mwingine, sauti moja baada ya nyingine, polepole. Nzi alikuwa analia kila mahali, lakini kulikuwa na sauti moja, kwenye uzi wa pili kutoka juu, chuma cha tatu katika vile vilivyokatiza shingo, alikolia kama kapigwa na mjeledi. Nikasema bakia hapohapo, usiondoke.

Mtoto mchanga akilia usiku na mchana humtwangi maswali. Unampapasa. Tumbo, kwapa, sikio, ukigusa panapouma atakwambia. Ndivyo nilivyofanya. Yeye akapiga sauti ile moja, mimi nikabana kitu kimoja kwa kidole, nikaachia, nikabana kingine. Nikabana kifuniko cha sumaku inayonasa sauti, nzi analia. Nikabana chuma kinachoshika nyuzi huku chini, analia. Vifungo vya sauti, analia. Nikapanda kichwani, kwenye masikio ya kukazia nyuzi. Sikio la tatu lilikuwa na skrubu inayocheza kama jino la mtoto. Nikaikaza kwa ncha ya kisu cha jikoni, nikapiga kigelegele, jirani akachungulia akidhani tumepata mchumba.

Tukala ugali na mlenda kwa furaha. Baada ya kula akapiga tena. Zzzz.

Aliweka gitaa chini, akafunika uso na khanga. Nami nitasema ukweli, hapo nilitaka kumtukana mtu, ila sikumwona wa kumtukana.

Alhamisi asubuhi nikawaza, sikio hili moja halitoshi, lakini mifupa yangu haijafa. Zamani jukwaani, kelele zikizidi, nilikuwa naweka taya juu ya ubao wa gitaa ili nijisikie mwenyewe. Nikakaa chini, nikamwambia apige. Nikaweka taya kwenye tumbo la gitaa. Kimya, sauti inakuja safi. Nikaweka pale shingo inapoungana na mwili. Kuna mnong'ono. Nikapanda na shingo, taya kwa taya, kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti, na katikati ya shingo meno yangu matatu ya mbele yakatetemeka yote.

"Yumo humu!" nikasema. "Ndani ya mti!"

"Ndani kuna nini, bibi?"

Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma iliyopita urefu wake wote, inayozuia nyuzi zisiipinde. Imebanwa na nati moja. Ikilegea inagongagonga ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Mimi hilo nalijua. Nililokuwa sijajiuliza ni kwa nini ilegee, chuma ambacho hakijaguswa miaka yote. Na pua yangu ilikuwa bado juu ya ule mti. Ulikuwa unanuka moshi.

Nikanusa mara ya pili.

"Mke mwenzangu," nikasema, "ulipokuwa Turiani niliona unga wa bungua, wale wadudu watoboa mbao, kwenye mguu wa kabati."

"Ehe?"

"Nikaogopa wataingia kwenye gitaa. Nikalifunga kwenye khanga, nikalitundika juu ya uchaga."

"Uchaga gani?"

"Kwani tuna uchaga mwingine?"

Akageuka kuutazama uchaga wetu, ule ulio juu ya jiko la kuni, penye mahindi ya mbegu meusi kwa masizi. Mbegu za mama yangu zilikaa juu ya moshi, na za bibi yangu, na hakuna bungua aliyethubutu. Miezi miwili nilikuwa napika maharage chini ya besi. Mti ukakauka, ukasinyaa, nati ikabaki haina cha kubana.

"Bibi!"

"Lakini bungua hakuingia," nikasema. Na hakuingia.

Fundi baiskeli wa jirani alituazima kile kifunguo chembamba kilichopinda. Niligeuza nati mwenyewe, robo mzunguko, taya likiwa palepale kwenye shingo. Nzi akapunguza. Nikageuza kidogo tena, chini ya robo, kwa sababu ukizidisha mti unapasuka. Akakata kauli katikati ya neno. Tukapiga sauti ile mara hamsini. Tukala, tukapiga tena. Kimya.

Ijumaa alasiri kiongozi akaja. Hakuniamkia vizuri, alikwenda moja kwa moja kwenye gitaa. Akapiga chuma cha tatu. Akapiga vyote. Akaunganisha spika yake, akapiga mpaka kuku wakahama.

"Fundi gani huyu?"

"Taya."

"Na ugonjwa ulikuwa nini?"

Mjukuu akanitazama. Angeweza kusema hajui. Nikasema mwenyewe, nililiweka jikoni juu ya moshi.

Alicheka hadi akashika nguzo. "Waluguru! Mmekausha gitaa kama mahindi ya mbegu!"

"Lako jipya litundike popote, bungua watakushukuru. Kesho anapanda nani?"

Akafuta machozi. "Anapanda huyu."

Siku hizi gitaa linalala chumbani kwangu, mbali na jiko, na kabati nimelipaka mafuta taa. Ile Jumamosi nilikwenda Mafiga, nikavuta kiti cha plastiki nikakaa mbele kabisa ya spika, nikaigeuzia sikio la kulia, lililo zima. Mama mmoja akaniambia bibi, hapo utaumia. Nikamwambia aniache, anayepiga ni wangu.