Dira Niliyomshikisha Bibi wa Kisawasawa

Mtu asiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe sinywi, na ilikuwa saa nane mchana, jua limewaka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, juu ya Kisawasawa, pembeni mwa msitu, na mpaka leo sijayaelewa.

Tulikuwa vijana kumi tunafundishwa kusoma ramani na kutumia dira, ili tuwe askari wa wanyamapori wa vijiji vyetu. Ukifaulu unaajiriwa, ukishindwa unarudi kukata miwa. Nilishakata miwa misimu minne na mgongo wangu unajua. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Mwalimu wetu, mama mmoja mkali, alikuwa na masharti mawili. Panga liwe mbali, maana chuma huvuruga sindano ya dira. Na dira isitoke shingoni. "Hata nikikuomba mimi, usinipe!"

Siku ya mtihani kila mtu alitumwa peke yake. Mimi nilipewa nyuzi arobaini kutoka kaskazini, hatua elfu mbili, nikatafute bendera nyekundu. Kila hatua mia nahamisha punje moja ya mahindi kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, nisipoteze hesabu. Nilipohamisha punje ya kumi na tatu, nikamkuta bibi mmoja anapalilia shamba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Hapana bibi." Uongo mtupu. Sindano ilikuwa imeacha kaskazini, imemwelekea yeye.

Nikadhani ni jembe lake. Nikamwomba aliweke mbali, akaliweka, akarudi mikono mitupu. Sindano ikamfuata. Akisogea kushoto, nayo kushoto. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri kifaa kimeharibika na ajira yangu imekwenda na maji.

"Kadude gani hako? Hebu nikashike."

Sasa niambie, mtu mzima amekunyooshea mkono, utamwambia akishike kikiwa kimening'inia shingoni mwako? Sisi Wandamba hatukulelewa hivyo. Nikavua kamba, nikampa kwa mikono miwili, goti nimelikunja.

Akaibana dira kifuani, kisha akanirudishia. "Bendera yenu si ile pale?"

Nikageuka. Ilikuwa hatua kama thelathini tu, wakati mfuko wa kulia ulikuwa bado na punje saba! Nilipogeuka tena nimshukuru, bibi hayupo. Shamba halipo. Majani marefu tu, ya kunifikia kifuani, ambayo hayajaguswa na jembe.

Nilifika wa kwanza, nikaajiriwa. Dira ile ikawa yangu ya kazi.

Nyumbani Ifakara nilitoa dira, ikaonyesha kaskazini vizuri. Nikashusha pumzi. Sikuwaza kwamba Kisawasawa nayo iko upande huohuo. Mpaka nilipotumwa Kidatu, mbele zaidi ya Kisawasawa, sindano ikageuka ikaelekea nilikotoka. Nikaazima dira ya mwenzangu. Mkononi mwake kaskazini, mkononi mwangu Kisawasawa. Niamini.

Basi nikajizoesha. Naongoza doria kwa jua na kwa kubahatisha, wenzangu hawajui, na aibu hiyo naibeba mwenyewe. Lakini wiki hii, nikiwa palepale kwangu Ifakara, sindano imeanza kuhama. Jumatatu ilikuwa kaskazini kama kawaida. Jumatano ikaelekea sokoni. Asubuhi hii imeelekea kwa jirani yangu wa mtaa wa pili.

Wewe unayejifunza, nisikie. Adabu ni kitu kizuri, lakini dira ibaki shingoni, hata aiombe nani. Mimi naandika haya nikiwa nimeishika. Nimezunguka nayo chumba kizima mara tatu, na kila ninaposimama sindano inaelekea mlango wangu. Hodi imepigwa mara moja. Sijui nikifungua nimwamkie shikamoo, au ninyamaze kimya.