Duara la Baba

Juzi mwanangu alikaa mezani kuchora duara kwa bikari, na ule mkwaruzo ukanirudisha uwanjani kwetu Mlali.

Mjomba alikuwa amerudi kutoka Geita, alikokwenda na baba kutafuta dhahabu watu wa kawaida waliporuhusiwa kuchimba. Alirudi peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Shati lake lilinuka baruti. Mama alikuwa anachambua mchicha.

"Dada," mjomba alisema, "duara limetitia. Shemeji alikuwa ndani."

Mama aliendelea kuchambua.

Duara nililijua, mwalimu alitufundisha kulichora kwa kamba na kijiti. Sikujua kwamba wachimbaji huliita hivyo shimo lao, lile linaloshuka mpaka kwenye mwamba wenye dhahabu. Nikachora moja kubwa mchangani, nikaingia, nikatoka. Nikamwambia mama kwamba baba atatoka tu, mtu anaruka mstari.

Asubuhi mama alifagia uwanja kama kawaida, taratibu, kuanzia jikoni. Alipofika kwenye duara langu akalizunguka. Akafanya hivyo kila asubuhi, mpaka mvua zilipokuja zikalifuta.