Makala Ambayo Cheche Hakuisoma

Mtaani walimwita Cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea, na mashati yake yote yalikuwa na vitundu vidogo vya moto kifuani. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alikuwa akiviziba vitundu hivyo huku akinung'unika kwamba ameolewa na chujio.

Chumba cha kushonea kilikuwa na meza kubwa ya kukatia vitambaa, na chini ya meza kompyuta ya zamani isiyozimwa. Humo ndimo ilimokaa blogu ya mkewe. Mkewe angeweza kuipangishia kwenye kampuni ya mitandao, kama wengine, lakini alikataa. "Nyumba ya kupanga, mwenye nyumba akiamka vibaya anakufungia mlango," alikuwa akisema. Mdogo wake wa kike, fundi wa mitandao chuoni, ndiye aliyemwekea kila kitu na kumfundisha kuitunza. Kila Ijumaa, kabla ya kufagia vipande vya nguo, mama yule alitoa nakala ya akiba ya blogu nzima na kuiweka kwenye diski ya pembeni.

Aliandika kuhusu kola, pindo, na wateja wanaonenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuchukua nguo. Figo zilipomwangusha aliendelea kuandika kwa simu, kitandani hospitalini, na wasomaji wakazidi. Wiki aliyofariki aliweka makala moja fupi. Cheche aliona kichwa chake tu: "Kifungo." Hakuifungua. Shemeji yake, yule fundi wa mitandao, alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nikishaisoma atakuwa hana jipya la kuniambia."

Mwaka ukageuka. Simu za wasomaji zikaanza kuonya kwamba ukurasa ule si salama, na mmoja akaandika kwamba umegoma kabisa kufunguka kwake. Cheche aliingiwa na hofu: watu wakishindwa kuingia, watamsahau mkewe. Asubuhi ya Jumamosi moja alikaa kwenye kiti cha mkewe, akaona kitufe kilichoandikwa "Sasisha sasa", akakibonyeza.

Ukurasa ukawa mweupe pe. Akaufungua upya, mweupe vilevile. Mashine ilikuwa ikikoroma chini ya meza, kazi bado inaendelea ndani kwa ndani, lakini yeye hakujua. Akachomoa waya ukutani, akauchomeka tena. Weupe uleule. Ndipo alipompigia shemeji yake.

Alifika akiwa bado na mkoba begani. "Ulitoa nakala kwanza?"

"Nakala gani?"

Akavuta kiti. "Shemeji, wewe bomba hulikati bila kulipima. Hii umeikata kwa macho."

"Nilidhani naitengeneza."

Shemeji yake akaigeukia kompyuta. Alifungua faili ambamo mashine huandika makosa yake yenyewe, akasoma polepole. Toleo jipya la blogu lilihitaji programu ya kuliendesha iliyo mpya kuliko ile iliyokuwemo. Akaiweka mpya. Weupe ukaondoka, lakini likaja onyo jingine: blogu haiwezi kuifikia hifadhidata, yaani ghala lenye maandishi yote. Akahakiki nenosiri, likawa sawa. Akaweka kando programu zote za nyongeza, moja baada ya nyingine, hali ikabaki ileile. Kisha akainama, akategesha sikio chini ya meza.

"Unasikia?"

Cheche alisikia. Kitu kilikuwa kikikwaruza humo ndani, kikinyamaza, kikikwaruza tena.

"Diski imechoka siku nyingi," shemeji yake alisema. "Na ulipochomoa waya ilikuwa katikati ya kuandika. Sehemu ya makala haifunguki." Alijaribu kuikarabati hata hivyo, zaidi ya mara moja, mpaka mashine yenyewe ikakataa kuwaka.

Cheche alikumbuka diski ya pembeni, akaitoa kwenye droo ya vibiringo vya uzi. Mikono yake, iliyozoea kushika chuma cha moto, ikaifuta vumbi kabla ya kuikabidhi. Shemeji yake akaichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi. Nakala zilikuwepo, Ijumaa kwa Ijumaa, zimepangwa vizuri. Ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa iliyotangulia kulazwa kwake.

"Tangu dada alazwe hakuna aliyetoa nakala," alisema. "Hata mimi. Nilikuwa napita hapa kumchukulia khanga, narudi mbio hospitali."

Alasiri blogu ilisimama tena, ikiendeshwa na kompyuta ile ya mkononi. Juu kabisa palikuwa na makala kuhusu zipu zinazouma kitambaa. Mwanamke aliyeandika pale alikuwa mzima, mcheshi, mwenye haraka ya mteja wa saa nne. Ugonjwa haukuwamo popote.

"Kifungo haipo," Cheche alisema.

"Haipo."

"Wewe uliisoma."

"Mara moja tu, msibani. Nilikuwa nalia, shemeji. Sikuishika yote."

"Niambie ulichoshika."

Alifikiri kwanza. "Alikuwa anamfundisha mwanamume anayeishi peke yake kushona kifungo. Uzi uwe wa mara mbili. Usikaze sana, acha nafasi kidogo chini ya kifungo. Halafu mwishoni palikuwa na mstari unaokuhusu wewe."

"Ulisemaje?"

"Nautafuta kichwani tangu diski igome. Siupati." Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. "Ulikuwa mzuri. Hicho tu ndicho ninachokumbuka."

Cheche alitikisa kichwa. "Basi usiubuni."

Jumapili walitangaza kwenye blogu kwamba makala za hospitalini zimepotea, wakaomba aliyehifadhi chochote akilete. Hakuna aliyekuwa na "Kifungo". Mmoja alikumbuka picha ya kifungo cha buluu. Mwingine aliandika kwamba mstari wa mwisho ulimtaja mume kuwa mvumilivu. Wa tatu akampinga: neno lilikuwa "mkaidi", na yeye alicheka alipolisoma.

Cheche aliyasoma maoni hayo kwa sauti, lile la mwisho akalirudia. Shemeji yake akamuuliza kama ayaunganishe yawe makala moja, ayaweke chini ya jina la dada yake.

"Hapana," alisema. "Waache kila mmoja na lake."