Vikombe vya Nchi Zinazozozana

Mwalimu wa kompyuta, kama Wangechi mpiga chapa alivyozoea kumwita, alikuwa na vidole vyembamba visivyotulia na sauti ya kubembeleza mtoto. Kila asubuhi, katika ofisi yao ya Ruiru, aliisomea kompyuta, mashine aliyokuwa akiifundisha kutambua ugomvi wa nchi, habari za magazeti: nchi fulani imemtishia jirani, nyingine imemwita balozi wake nyumbani. Kisha alipanga vikombe mezani, kila nchi na chake, akavisogeza na kuvitenganisha mpaka aone ni nani amemfanyia nani nini, ndipo akaifundisha mashine. Nchi zikiwa bado zinazozana, vikombe vyao havikunywewa. Wangechi alishazoea kunywea chai kwenye kifuniko cha thamosi.

Ijumaa moja ya mwaka tisini na sita akaja mfadhili kutoka Nairobi, kuamua kama ofisi ifungwe. Mpaka jana yake mashine iliita kila ugomvi vita.

"Kwani hapa hamnywi chai?" mgeni akauliza.

"Vikombe viko mpakani, mzee," Wangechi akajibu.

"Wewe nawe," mwalimu akanong'ona, huku akizuia kicheko. Akaipa mashine habari ya majirani wawili waliotishana mwezi mzima, kisha wakafungua mpaka. Mashine ikanguruma, ikakawia, ikaandika: wametishana, hawakupigana, wamepatana.

Wangechi akashusha pumzi. Mwalimu akavisogeza vikombe viwili vya majirani hao polepole hadi vikagusana, akavifuta kwa pindo la shati, akamimina chai.

"Karibu, mzee. Hawa wamemaliza."