Jiwe la Mgomo

Hellena alifika wa kwanza kwenye jiwe. Isdori, mumewe, alikuwa hatua chache nyuma, na nyuma zaidi alikuja kijana mgeni wao, akihema kama mvukuto. Mgeni hakuwahi kuiona njia ile. Chini yao bonde la Rukwa lilikuwa limefunikwa na vumbi, ziwa likimetameta kama bati. Juu, ukingo wa milima ya Lyamba lya Mfipa ulikuwa bado mbali, umesimama wima.

"Ndilo hili?" mgeni aliuliza.

"Ndilo," Hellena akamjibu. "Ulitarajia kanisa?"

Lilikuwa jiwe pana, kimo cha kigoda. Hellena, mzaliwa wa Muze huko bondeni, alipandishwa njia hii na shangazi zake alipokwenda kuolewa na Isdori, seremala wa Milanzi huko juu. Kwa desturi ya kwao, biharusi hufika mahali akagoma: huketi kimya, na hainuki mpaka apewe kitu. Yeye aligomea hapa. Isdori, aliyeshuka kumpokea, akampa kikombe cha bati, na shangazi wakarudi Muze, kwa kuwa wasindikizaji huishia palepale biharusi alipogoma.

Tangu hapo, kila mwaka mavuno yakishaingia ndani, wawili hao hushuka bondeni kwa gari, wakalala kwa kaka yake Hellena, kisha wakapanda kurudi kwa miguu. Na kila mwaka Hellena hugoma. Amewahi kupewa kanga, amewahi kupewa sindano, na mwaka mmoja wa njaa alipewa yai la kuchemsha, akalila papo hapo.

Ila tangu masika kifua cha Isdori kilikuwa hakimpi raha. Binti yao Scola alisema wasiende. Hellena hakubishana naye, lakini aliweka nadhiri moyoni: Isdori akiketi kabla yake, kupanda huku basi. Hakumwambia mtu. Asubuhi nzima alipanda huku masikio yake yako nyuma.

Sasa aligeuka ili aketi. Isdori alikuwa ameshaketi.

"Baba Scola, hapo ni pangu."

"Leo nimegoma mimi." Maneno yalimtoka vipande vipande. "Sitembei. Nipe kitu."

Mgeni akacheka. Hellena hakucheka, midomo ya mumewe ilikuwa rangi ya majivu. Biharusi hatembei na zawadi, kwa hiyo alifungua pindo la kanga akamtilia karanga kiganjani.

"Karanga! Shangazi zangu wamenipandisha mlima wote huu kwa karanga?"

"Shukuru. Wangekuwa shangazi zangu mimi, wangezila njiani."

Kumwambia Isdori arudi ilikuwa kazi bure. Aliwahi kuambiwa na daktari apumzike, akaenda kupasua mbao. Hellena akaingiza mkono katika mfuko wa koti la mumewe, maana alijua zawadi yake ya mwaka huu haikosi humo. Akatoa kitambaa cha kichwa, chekundu. Akamfunga nacho Isdori kichwani, fundo nyuma, vizuri kabisa.

"Anayegoma ndiye anayeolewa, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na anayeolewa huenda wapi?"

Isdori akatafuna karanga. "Kwa mumewe."

"Mimi kwetu ni kule." Akanyoosha kidole chini, kwenye moshi wa Muze. "Inuka, nikupeleke."

Isdori alitazama juu kwenye ukingo, akautazama muda mrefu. "Kaka yako atanicheka."

"Huyo sasa ni wifi yako. Kazi ya mawifi ni kucheka."

"Na mwakani?"

"Biharusi haulizi habari za mwakani."

Akainuka. Mgeni naye akachukua mkoba wake, lakini Hellena akamzuia kwa mkono.

"Wewe baki, mwanangu. Msindikizaji anaishia hapa."

"Mama, mzee haonekani vizuri."

"Namwona. Nikikuhitaji nitaita. Kaa kwanza, maharusi hawaandamwi."

Walishuka, Hellena akiwa ametangulia, mkono wa Isdori umelemea begani pake. Mgeni aliketi juu ya jiwe, akatega sikio. Kitambaa chekundu kilipotea nyuma ya miti, kikatokea chini zaidi, kikasimama. Kikakaa vile kwa muda. Halafu kikaendelea kushuka, na mwito haukuja.